Masazo Ni ya Nani?



Katika makundi yetu tumezoea kusimuliana mambo tuliyofaulu. Leo napenda kuwasimulia jambo nililoshindwa, na pamoja nalo jambo nililolificha, kwa maana hayo mawili yamenifundisha kuliko cheti chochote nilichopewa baadaye. Ni habari ya unga wa mbao, ya jenereta ya parokia, na ya mama mzee mmoja ambaye sisi sote tulimwita Koko, kama tunavyowaita wazee wa kwetu hapa Kivu.

Mwishoni mwa mwaka 2015 nilikuwa kijana wa miaka 20. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari upande wa biolojia na kemia, nami nilikaa nyumbani nikingojea fedha za kuingia chuo kikuu. Kundi letu, katika parokia moja ya Kadutu mjini Bukavu, lilikuwa likisoma Laudato Si', barua ambayo Papa Fransisko alikuwa ameitoa mwaka uleule kuhusu utunzaji wa dunia. Jioni moja padri mlezi wetu alitufafanulia habari ya mikate mitano na samaki wawili. Hakukaa sana juu ya muujiza wenyewe. Alikazia mwisho wake, pale ambapo wanafunzi wanatumwa kukusanya vipande vilivyobaki, navyo vinajaza vikapu kumi na viwili. Halafu akatuuliza: "Katika mtaa wetu, vipande vilivyobaki viko wapi?"

Mimi nilikuwa na jibu hata kabla hajanyamaza. Vilikuwa nyuma ya depo ya mbao, si mbali na kanisa. Pale mashine zilipasua mikaratusi iliyoletwa kutoka milima ya Walungu na Kabare, na unga wa mbao ulirundikana mpaka ukamzidi mtu kwa kimo. Mvua ikinyesha, uliteremka na kuziba mifereji. Kiangazi, mwenye depo aliutia moto, na moshi wake ulitukohoza juma zima. Wakati huohuo jenereta yetu, iliyowasha taa za chumba cha kusomea wanafunzi na kuendesha mashine za kushonea za wamama, ilisimama mara kwa mara kwa kukosa mazutu. Umeme wa Ruzizi ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.

Nilikuwa nimeona katika simu ya rafiki picha za watu wanaochemsha maranda ndani ya pipa lililofungwa, mvuke ukapita katika bomba lililopoozwa kwa maji, na mwisho wake yakadondoka mafuta. Nilisimama mbele ya kundi nikasema: "Tutatoa mazutu katika unga wa mbao. Takataka itawasha taa." Walipiga makofi. Nilisema hivyo tena mbele ya baraza la parokia, na safari hii niliongeza maneno ambayo sikuwa na haki ya kuyasema: kwamba jambo hilo limekwisha kuhakikishwa na kwamba ninalijua.

Mchango ulipitishwa. Tulipata dola 210, karibu zote katika faranga ndogondogo. Koko naye alileta faranga 1,000, zilizofungwa katika pembe ya kitenge. Alikuwa mjane aliyelea wajukuu wanne kwa kuuza sombe. Alinishika mkono akasema: "Yaya, mutuangazie."

Tulinunua mapipa mawili, bomba la chuma, na malipo ya fundi wa kuchomelea. Halafu tulikwenda kwa mwenye depo kuomba unga. Tulimkuta mtu mwema, lakini mfanyabiashara. Alipoona vijana kumi wamekuja na magunia na wanazungumza juu ya mafuta, aliuliza: "Kumbe hii kitu ina bei?" Mimi, kwa kutaka aone kwamba sisi si watoto, nilimjibu kwamba tutamlipa faranga 500 kwa gunia. Hakuna aliyenituma kusema hivyo.

Sasa niwaeleze tulichokifanya, na kwa nini hakikufaulu, maana wengi wenu mnasoma kemia na mtapenda kujua.

Mti umejengwa hasa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni selulosi, yaani nyuzi ndefu ambazo ni karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu. Cha pili ni hemiselulosi, inayozizunguka nyuzi hizo. Cha tatu ni lignini, inayozigandisha kama saruji, na kwa nguvu yake mti husimama wima. Ukiyachoma maranda mahali penye hewa, yanateketea na kubaki majivu. Lakini ukiyapasha moto pasipo hewa, hayateketei, yanavunjikavunjika. Sehemu moja inabaki makala, sehemu nyingine inakuwa gesi, na sehemu ya tatu inakuwa mvuke unaoweza kupoozwa ukawa maji meusi yenye harufu ya moshi. Viwandani kazi hiyo hufanyika kwa joto la nyuzi karibu 500 za Selsiasi. Mbao husagwa laini, hukaushwa kabisa, hupashwa joto kwa ghafula, na mvuke wake hupoozwa baada ya sekunde moja au mbili tu. Kwa njia hiyo hata theluthi mbili za uzito wa mbao huweza kugeuka kitu cha majimaji.

Sisi hatukuwa na hayo yote. Unga wetu ulikuwa umelowa mvua. Pipa letu lilipata joto polepole, upande mmoja likiwa jekundu na upande wa pili likiwa vuguvugu. Kwa gunia zima tulipata makala mengi na ndoo ya maji machungu, na juu yake utando wa kitu cheusi kama lami. Tuliutenga utando ule kwa kijiko. Baada ya majuma matano ya kazi, macho yakiwa mekundu kwa moshi, tulikuwa na bidoni moja ya lita tano.

Hapo ndipo linapoingia jambo nililolificha. Usiku mmoja nililowesha utambi kwa kitu kile nikauwasha. Ulitatarika, ukatema cheche, ukazimika, na katika utambi pakabaki gundi ngumu. Nilirudia mara tatu. Nilimimina kidogo ndani ya mazutu katika chupa safi: havikuchanganyika. Asubuhi yake nilikuta msumari nilioutumbukiza siku kadhaa kabla umeliwa na kutu. Kijana aliyesoma kemia hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Nilijua. Lakini Jumapili ya Matawi, sikukuu ya vijana, ilikuwa imebaki siku nne, na baraza lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba siku hiyo jenereta itawashwa kwa mafuta ya vijana. Nikaiweka chupa ile nyuma ya sanduku la nguo, nikanyamaza.

Siku ilipofika, tulichanganya mafuta yetu na mazutu, tukatikisa, tukamimina upesi. Jenereta ilinguruma vizuri kwa dakika chache, kwa kuwa katika mirija yake mlikuwa bado na mazutu safi. Watu walishangilia, na wengine walinibeba juu. Nilipokuwa bado juu ya mabega yao, sauti ilibadilika. Injini iligonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Haikuwaka tena. Fundi alipoifungua siku ya Jumatatu, alikuta matundu yanayonyunyiza mazutu yamezibwa na gundi na pampu yake imekwaruzika. Kuitengeneza kuligharimu dola 180. Kwa miezi minne wanafunzi walisoma kwa tochi za simu, na wamama wa kushona walirudi nyumbani saa kumi na moja jioni.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu yote. Sivyo. Baada ya juma moja nilikutana na Koko njiani, amebeba kichwani kifuko kidogo cha makala. Nilishangaa, kwa kuwa nilijua kwamba Koko hapikii makala. Ndipo akanieleza habari ambayo mimi, mkazi wa mtaa uleule, sikuwa nimeiona kamwe.

Koko, na wamama wengine kama yeye, walipikia unga wa mbao. Walichukua kopo kubwa la maziwa lililotobolewa upande wa chini, wakasimamisha chupa katikati, wakajaza unga kandokando na kuushindilia kwa nguvu, kisha wakaichomoa chupa taratibu. Pakabaki tundu katikati. Waliwasha kwa chini, na unga ule uliungua polepole kutoka ndani kuelekea nje, ukaivisha maharage pasipo kuongezwa kitu. Unga waliupata bure, kila jioni, nyuma ya depo. Tangu siku ile tulipotaja bei, mwenye depo aliweka mlinzi. Gunia likawa faranga 500, halafu 700. Mradi wetu ulikufa, lakini bei haikufa.

Niliomba msamaha. Koko hakukasirika. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza: "Mwana, mulisema ni takataka. Muliuliza nani?"

Swali hilo nimelibeba miaka yote tangu hapo. Nililibeba chuoni, nilipopata nafasi ya kusoma kemia, na nilipokuwa nikisoma vitabu juu ya mafuta yanayotokana na mabaki ya mimea nilikuta kwamba si vijana wa Kadutu peke yao waliojikwaa hapo.

Tamaa ya kutoa kitu kitamu au chenye nguvu katika mbao ni ya zamani. Mwaka 1819 mwanakemia Mfaransa Henri Braconnot aliloweka vitambaa vikuukuu na unga wa mbao katika asidi ya salfa, akapata sukari. Jambo hilo si uchawi. Selulosi yenyewe ni sukari: ni maelfu ya chembe za glukosi zilizoshikana katika mnyororo mmoja. Mama zetu wanapotengeneza kasiksi, hamira hula sukari ya ndizi na kuiacha pombe. Wanaopika kanyanga huichemsha pombe, na kwa sababu spiriti huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji, hutangulia katika bomba. Spiriti hiyohiyo, ikikaushwa maji yake kabisa, ni mafuta ya gari. Brazili ilianzisha mpango wake mwaka 1975, baada ya bei ya petroli kupanda duniani, na leo zaidi ya robo ya kila lita ya esanse inayouzwa huko ni spiriti, hasa ya miwa.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya juisi ya muwa na bua la muhindi. Katika juisi sukari iko huru. Katika bua na katika ubao imefungwa gerezani, na lignini ndiyo ukuta. Hamira haiwezi kuivunja minyororo ile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lililokuwa katika visiwa vya Solomon liliona mahema na nguo zake za pamba zikichakaa kwa haraka ya ajabu. Wachunguzi walikuta kuvu aliyekuwa akila pamba, nayo pamba ni selulosi karibu tupu. Kuvu huyo aliitwa baadaye Trichoderma reesei, kwa heshima ya mwanasayansi Elwyn Reese, na vimeng'enya vinavyotokana na jamii yake ndivyo vinavyotumika leo viwandani kufungua gereza la sukari. Kilichowaharibia askari hema ndicho kilichowapa wasomi ufunguo. Iko pia njia ya moto: mbao hugeuzwa gesi, na gesi hiyo huunganishwa tena kuwa mafuta kwa njia waliyoivumbua Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch mwaka 1925, ingawa wao walianza na makaa ya mawe.

Basi ujuzi upo. Hata hivyo njia imejaa mabaki ya waliotangulia. Huko Iowa, Marekani, kampuni ya DuPont ilifungua mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha kutoa spiriti katika mabua ya mahindi. Baada ya miaka miwili ilikifunga. Huko Crescentino, Italia, kiwanda kilichotumia majani makavu na matete kilifunguliwa mwaka 2013, kikasimama mwaka 2017, na kikaanza upya mwaka 2022 mikononi mwa mwenye mali mwingine. Watu hawa hawakukosa fedha wala wasomi. Walichokutana nacho ni uzito wa mambo madogo: mabua ni mepesi lakini yanajaza lori, yametawanyika mashambani na lazima yakusanywe katika majuma machache, yanakuja na mchanga unaokwaruza mashine, yanaoza yakilowa, na petroli ikishuka bei, hesabu yote inavurugika. Nilipoyasoma hayo niliona pipa letu, nikaona unga wetu uliolowa, nikacheka peke yangu katika maktaba, halafu nikaona haya.

Niliona haya kwa sababu kampuni ikipata hasara huandika hasara ile katika vitabu vyake, lakini hasara ya Koko haikuandikwa popote. Na hapo nilianza kuielewa historia yetu wenyewe kwa namna nyingine. Mwaka 1937 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brussels, aitwaye G. Chavanne, alipewa hati ya uvumbuzi kwa ajili ya kugeuza mafuta ya mimea, kama mawese, yatumike katika injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta yaliyotokana na mawese. Watafiti wa mambo haya huihesabu hati ile kuwa miongoni mwa mwanzo wa mafuta ya mimea tunayoyajua leo. Koloni ambalo mawese yake yalifikiriwa lilikuwa Kongo yetu. Nasi tunajua kwa masimulizi ya mababu jinsi kazi ya kuangua michikichi ilivyolazimishwa siku zile. Mafuta yanaweza kuwa safi katika injini na yasiwe safi katika historia yake. Swali la Koko linawahusu wenye basi lile kama linavyonihusu mimi: muliuliza nani?

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi kwamba mabaki yaachwe yaoze, wala kwamba mafuta ya mimea ni udanganyifu. Makala yanaimaliza misitu yetu, petroli inaichafua hewa na kuinyima nchi fedha zake, na mtu anayetafuta njia nyingine anafanya kazi njema. Kuna mabaki ambayo kweli hayana wa kuyataka. Ninachosema ni kwamba neno takataka si jina la kitu. Ni hukumu, na kabla ya kuitoa hukumu lazima mashahidi wasikilizwe. Mabua ya mahindi yanayoachwa shambani katika miteremko ya Walungu huzuia udongo usiteremke na mvua. Majani ya migomba hutandazwa chini ya migomba na kuilisha. Maganda ya maharage ni chakula cha mbuzi, na majivu yake hutiwa katika sombe. Mwenye kuangalia kutoka barabarani huona uchafu. Mwenye shamba huona mbolea, malisho na chumvi. Ukiyaondoa yote na kuyapeleka kiwandani, udongo utakudai deni lake baada ya misimu michache.

Nilipokwisha kufikiri hivyo, nilirudi katika Maandiko Matakatifu na kuona kwamba padri wetu alitusomea ukurasa mmoja, na ulikuwepo ukurasa wa pili. Katika habari ya mikate, watu wanakusanya masazo. Lakini katika Sheria ya Musa, kitabu cha Walawi, mwenye shamba anaagizwa kinyume: asivune mpaka pembeni mwa shamba, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, bali awaachie maskini na mgeni. Ni kwa agizo hilo Ruthu, mjane na mgeni, alimlisha mama mkwe wake. Kwa muda mrefu niliona kurasa hizo mbili zinapingana. Sasa sioni hivyo. Katika habari ya kwanza watu wamekwisha kushiba wote ndipo vipande vinakusanywa. Katika ya pili kuna mtu ambaye bado hajala. Kukusanya masazo ni fadhila pale ambapo kila mtu ameshiba. Pale ambapo Ruthu yuko nyuma yako ameinama, kukusanya ni kumnyang'anya. Na sisi nyuma ya depo ile hatukugeuka hata mara moja kuangalia kama kuna mtu nyuma yetu.

Mtaniuliza: baada ya hayo ulifanya nini? Nilifanya machache. Kwanza nililiendea baraza la parokia, nikaitoa chupa niliyoificha, nikaeleza kwamba nilijua siku nne kabla. Ilikuwa vigumu kuliko kukiri kwamba nilishindwa. Mzee mmoja wa baraza alisema: "Kushindwa tungekuchangia tena. Ulichotupotezea ni siku nne za kuiokoa injini." Tulifanya kazi za salongo na kubeba mawe ya ujenzi mpaka dola 180 zikatimia. Tulimwendea pia mwenye depo, tukamsihi arudishe desturi ya zamani. Alitusikiliza kwa heshima, akakataa. Baadhi yetu tulikubaliana kumlipia Koko gunia moja kila mwezi, tukafanya hivyo mpaka alipohamia Uvira kwa binti yake. Wamama wengine hatukuwalipia. Gunia lingali linauzwa mpaka leo, na ninapopita pale napita upande wa pili wa barabara.

Leo mimi ni mwalimu wa kemia. Mwaka fulani wanafunzi wangu walitaka kutengeneza spiriti ya taa za maabara kwa ndizi zinazotupwa sokoni. Walikuwa na moto ule niliokuwa nao mimi, na sikutaka kuuzima. Niliwapa kazi moja tu kabla ya kugusa pipa: waende sokoni siku sita mfululizo, wakae pale kuanzia mchana hadi jioni, waandike ni nani anayeziokota ndizi zile. Walirudi na daftari limejaa. Waliwakuta wamama wanaopika kasiksi, wazee wanaofuga mbuzi, na watoto wawili wa mitaani ambao ndizi hizo zilikuwa chakula chao cha jioni. Baada ya hao wote kupita, giza likiingia, palibaki rundo la ndizi zilizooza kabisa, ambalo wafagiaji walilisukuma mtaroni. Wanafunzi walizungumza na wafagiaji, wakapewa rundo lile.

Walizichachusha, wakazipika, wakaukeneka mvuke mara tatu, mimi nikisimama karibu nao muda wote, maana mvuke wa spiriti hushika moto kwa cheche moja. Walipata chini ya lita moja. Tuliitia petroli ya taa kidogo ili mtu yeyote asithubutu kuinywa. Kabla ya kuiwasha mbele ya wenzao, walikuwa wameiwasha mara kumi peke yao na kuandika kila kilichotokea, hata mara mbili ilipozimika. Siku ya maonyesho msichana mmoja aliyasoma yote kwa sauti, pamoja na zile mara mbili. Halafu akawasha. Mwali ulikuwa wa buluu, mdogo, hauna moshi. Hakuna aliyebebwa mabegani.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mtakuwa mafundi, wakulima, waganga, wafanyabiashara. Katika miaka yenu maneno kama nishati jadidifu na mafuta ya mimea yatasikika mara nyingi, na watakuja watu wenye magari mazuri kuuliza bei ya mabua, ya pumba za mpunga na ya unga wa mbao. Wengine wao watakuwa watu wema kama tulivyokuwa sisi. Msiwafukuze, wala msiwapigie makofi upesi. Wapelekeni kwanza nyuma ya depo, saa ya jioni, wakae pale mpaka waone nani anakuja na kopo lake.

Kwa mazungumzo katika kundi, ninawaachia maswali matatu. Katika mtaa au kijiji chenu, ni kitu gani kinachoitwa takataka, na ni nani anayeishi kwa kitu hicho? Je, kuna jambo mlilolitangaza mbele ya watu kabla ya kulijaribu kwa uaminifu peke yenu? Na kama ninyi pia mnayo chupa iliyofichwa nyuma ya sanduku, zimebaki siku ngapi za kuiokoa injini?